Asilimia Hamsini na Saba

Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
na mlango wa karakana unalalamika kila ukifunguliwa.
Kaingia na Hiace yake ya buluu, mwalimu Vaarala,
aliyenifundisha hesabu za sehemu miaka thelathini iliyopita
hapa hapa Kemijärvi, katika darasa lililonuka soksi mbichi.
Kavua glavu, kavua kofia,
kaniita "Raakel", kama anayesoma orodha ya mahudhurio.

Kazi yangu ni kugonga na kusikiliza.
Nyundo yenyewe ndogo, ukiiona utadhani ya kuvunjia njugu.
Chuma kizima hujibu: ngling.
Kilicholiwa na chumvi ya barabarani hujibu: pu,
kama mtu aliyekumbushwa deni.
Hiace ilijibu ngling, ngling, ngling,
pu moja karibu na gurudumu la nyuma. Nikaiandika.
Taa zinawaka. Honi ina mafua lakini inalia.
Matairi ya misumari bado yana kina, bima iko hai,
na chini ya kiti, pipi za mnanaa zilizogandana
ambazo sheria haina neno nazo.

Kisha rola.
Mbele kushoto, nguvu ya breki: mbili nukta moja.
Mbele kulia: sifuri nukta tisa.
Nilirudia mara tatu. Namba hazina haya.

Kompyuta ilikuwa imegoma tangu asubuhi, nikakokotoa kwa kalamu,
naye kasimama nyuma ya bega langu
akinisimulia habari za Kerttu:
kwamba kila Alhamisi wana hospitali, Rovaniemi,
kwamba basi humtapisha,
kwamba barabara ile anaijua kona kwa kona,
hata kulungu wanaoivuka anawatambua kwa pembe.
Sikuinua uso.
Nikaandika: tofauti, asilimia arobaini na tatu.

Kwa arobaini na tatu gari hufeli,
ila dereva huruhusiwa kurudi nalo nyumbani, polepole,
akatafute fundi.
Ikizidi hamsini, gari halitoki hapa kwa magurudumu yake.

Akavaa miwani.
Akaichukua kalamu mkononi mwangu bila kuomba.
"Sifuri nukta tisa, gawanya kwa mbili nukta moja.
Umeandika kilichobaki, Raakel.
Swali limeuliza kilichopotea."
Akaikata arobaini na tatu kwa mstari mmoja,
mstari ule ule wa madaftari yetu,
akaandika pembeni: 57.

Mpaka leo sijui
kama mkono wangu ulikosea au ulihurumia.
Hakuniuliza.

Nikamwambia, mwalimu, nani angejua?
"Wewe ukishasaini unarudi kwenye kahawa yako," alisema.
"Mtoto akikatiza pale mbele ya shule,
hawataikamata nyundo yako.
Watamtafuta aliyeshika usukani."
Halafu, kwa sauti ya kuongea na dirisha:
"Linavuta kushoto tangu Novemba.
Nimekuwa nikijiambia ni barabara."

Akaweka funguo juu ya kaunta, mbali na mkono wake.
Akarudi garini kuchukua blanketi la Kerttu,
akalikunja mara nne, kona juu ya kona,
akatoka kwa miguu, na mlango ukalalamika.

Alhamisi niliwapeleka kwa gari langu.
Kerttu alisinzia kabla hatujaumaliza mji.
Mwalimu alikaa nyuma, kimya,
kilomita themanini na kitu za misonobari na weupe,
hadi taa nyekundu ya kwanza ya Rovaniemi.
Hapo akainama mbele, akaniuliza
matairi yangu niliyapima lini.